Unatoka Wapi? Inategemea Nani Anauliza

Wakenya huulizana swali moja kabla hata ya kujuana majina vizuri: unatoka wapi? Kwa sisi tuliozaliwa Kitale, swali hilo lina majibu mengi kuliko inavyofaa. Nikiwa Nairobi nasema natoka Kitale. Nikiwa Kitale nasema Matisi. Nikiwa Bungoma, mbele ya mzee aliyeketi nje ya duka pale Kanduyi, "Kitale" si jibu, ni utangulizi tu. Anangoja nitaje kijiji cha babu upande wa Kimilili, halafu ukoo. Binamu yangu anayefanya kazi Doha husema tu "Kenya," na anayeuliza anatosheka.

Sasa, lipi kati ya hayo ndilo la kweli? Na mtu anayebadilisha jibu kulingana na anayemuuliza, ni mnafiki ama ana adabu tu? Kuna wanaoshikilia kwamba ukweli ni mmoja, na kwamba mtu wa maana ana jibu moja kwa kila mtu. Sikubaliani nao, na sababu yangu nimeitoa mahali ambapo wengi hawatafuti mambo ya maadili: ndani ya simu.

Simu yako haina anwani moja. Kama umewasha waifai na data, iko nazo kadhaa. Kuna 127.0.0.1, ambayo simu hutumia kujiongelesha yenyewe. Kuna ile iliyopewa na ruta ya nyumbani, mara nyingi inaanza na 192.168. Kuna ile ya kampuni ya simu. Ukiwasha VPN, unaongeza nyingine. Na kwa mfumo mpya wa anwani, IPv6, hata mlango mmoja wa mtandao huwa na anwani mbili, tatu, au zaidi.

Programu ikitaka kutuma kitu, kwa kawaida inasema tu inakoenda. Inakotoka haisemi. Lakini kila pakiti ya data lazima iandikwe anwani mbili, ya mpokeaji na ya mtumaji, kama bahasha ya posta. Kwa hivyo kazi ya kujaza ile nafasi ya mtumaji inaachiwa mfumo endeshi. Mara elfu kwa siku, bila wewe kujua, simu yako inajiuliza: kwa huyu ninayeenda kuongea naye, mimi natoka wapi?

Jibu halichaguliwi kwa bahati nasibu. Kwenye Linux, mfumo kwanza unaangalia jedwali lake la njia: pakiti hii itatokea mlango upi? Kisha unachagua anwani inayoendana na mlango huo. Ukiwa na laptop ya Linux, andika amri ya ip route get 8.8.8.8 na utaona neno src, likifuatwa na anwani iliyochaguliwa. Badilisha unakoenda, na src inaweza kubadilika pia. Kwa upande wa IPv6, sheria zimeandikwa kabisa. Richard Draves wa Microsoft aliziandika mwaka 2003 kwenye hati iitwayo RFC 3484, na mwaka 2012 zikarekebishwa kuwa RFC 6724. Ni sheria kuu nane. Zinafuatwa kwa mpangilio, na pale sheria moja inapotoa mshindi, zilizo chini yake haziulizwi.

Hati hiyo imeandikwa kwa lugha kavu ya mainjinia. Lakini ukiwa umekulia mji kama Kitale, ambako karibu kila familia imetoka kwingine, inasomeka kama mafunzo ya namna ya kuishi na watu.

Chukua sheria ya pili. Inasema chagua anwani yenye upana unaomfaa unayeongea naye. Kuna anwani zinazoanza na fe80, ambazo kazi yake ni ndani ya boma moja tu, kati ya mashine zilizo kwenye mtandao uleule. Jirani akiisikia anaelewa. Aliye mbali akiipata haina maana kwake, kwa sababu kila boma duniani lina fe80 zake, na akitaka kujibu hajui aanzie wapi. Matisi ni fe80. Ukimwambia mtu wa Doha "natoka Matisi, karibu na posho mill," umesema ukweli mtupu na hujamwambia kitu. Kinyume chake pia ni kweli: ukimwambia yule mzee wa Kanduyi "natoka Kenya," hujadanganya hata kidogo, lakini umemtukana. Umejificha nyuma ya jibu pana.

Hapo ndipo naona kosa la wale wa jibu moja. Wanadhani anwani ni picha ya mtu, kwamba inaeleza wewe ni nani, kwa hivyo ikibadilika basi umebadilika sura. Kwenye mtandao anwani ya mtumaji haikuwekwa ili kukueleza. Iliwekwa ili ujibiwe. Ni ahadi: ukitaka kunirudishia neno, lilete hapa, utanipata. Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa njia nyingi tofauti, mradi neno likirudishwa linafika.

Rudi kwa mzee na maswali yake. "Kijana, wewe ni wa nani?" Unamwambia. "Na mama ametoka wapi?" Unamwambia pia. Halafu anacheka: "Kumbe wewe ni mpwa wangu!" Kuanzia hapo anaongea nawe tofauti. Vijana wengi wa mjini huona maswali haya kama upelelezi, ama ukabila wa kizee. Lakini angalia anachokifanya. Kwa Wabukusu, huoi kwenye ukoo wa babako wala wa mamako. Kuna mtu unamtania na kuna mtu unampa heshima zote. Mzee hawezi kukujibu vizuri kabla hajajua jibu lipelekwe wapi: kwa mpwa, kwa mjukuu, kwa shemeji, ama kwa mgeni ambaye kwanza anapewa kiti. Anauliza ili aweze kujibu. Swali lake ni la haki, na ukimpa jibu pana umemnyima nafasi ya kukutendea inavyokupasa.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki. Kuchagua moja kati ya anwani zako si uongo. Uongo unaanza pale unapoandika anwani ambayo si yako.

Na mashine inaweza kufanya hivyo. Hakuna kitu ndani ya pakiti kinachoizuia kubeba anwani ya mwingine. Wahalifu wamelijua hilo kitambo. Mtu anatuma maswali madogo kwa maelfu ya seva, na kwenye nafasi ya mtumaji anaandika anwani ya anayetaka kumuumiza. Seva zinajibu kwa uaminifu, tena kwa majibu marefu kuliko maswali, na yote yanamwangukia mtu ambaye hakuuliza chochote. Machi 2013 shirika la Spamhaus lilishambuliwa kwa njia hiyo, kwa mafuriko yaliyofikia gigabiti 300 hivi kwa sekunde. Kitu kinachonishangaza kwenye mashambulizi ya aina hii ni kwamba karibu kila aliyehusika alisema ukweli. Seva zilijibu sawasawa. Uongo ulikuwa kwenye sehemu moja tu, ile ya "natoka wapi," na ukatosha kugeuza ukweli wa wengine wote kuwa silaha.

Mtaani tunaijua hii bila kompyuta. Mtu anachukua mkopo wa simu, pale pa mdhamini anaandika namba yako bila kukwambia. Jioni unapigiwa na mtu usiyemjua, anakudai deni ambalo hujalila. Jamaa hajakuibia shilingi hata moja. Amefanya tu majibu yake yaje kwako. Wakopeshaji nao walikuwa wakiingia wenyewe kwenye orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mteja, hadi kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikawakataza kuitumia kuwatumia watu hao jumbe mteja akichelewa kulipa. Kosa ni lilelile kutoka pande mbili: mzigo wa jibu umepelekwa kwa asiyeuliza.

Dawa ya mainjinia ni rahisi kuelezea. Tangu mwaka 2000 kuna mwongozo, RFC 2827, unaozitaka kampuni za intaneti kuangalia pakiti zinapotoka mlangoni kwao: kama anwani ya mtumaji si ya nyumba hii, itupe. Si wote wanaoufuata mpaka leo. Lakini ona mwongozo huo hauulizi nini. Hauulizi kama ile ndiyo anwani yako "halisi," ama ya kwanza, ama ya mababu. Unauliza tu kama ni yako, na kama jibu likirudi kwa njia hii litakupata.

Kuna atakayesema: mbona basi simu zetu zinajificha? Ukiwa Kitale ukitumia data, tovuti ikikadiria uko wapi mara nyingi itasema Nairobi. Ni kweli, na sababu ni kwamba anwani za zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hivyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za umma. Pakiti yako ikitoka, jina lako la ndani linafutwa na la kampuni linaandikwa. Je, huo si uongo? Hapana, kwa sababu aliyefuta anaweka daftari. Jibu likirudi anaangalia nani aliuliza, na analileta hadi kwenye simu yako. Wazazi wetu walipokea barua hivyohivyo, kupitia S.L.P. ya shule ama ya kanisa. Mwalimu mkuu hakuwa anajifanya babako. Alikuwa anakubali kukuwekea barua. Uongo ungekuwa kukopesha watu sanduku la posta halafu kuchoma barua zao.

Sheria ya tatu inanigusa mimi binafsi. Inasema epuka anwani iliyostaafu. Anwani ya IPv6 ina umri. Mwanzoni inatumika kwa kila kitu. Baadaye inastaafu: bado ni yako, mazungumzo yaliyoanza nayo yanaruhusiwa kuendelea hadi yaishe, lakini mazungumzo mapya hayaanzishwi nayo. Mwishowe inakufa kabisa. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza. Wale tulioishi nao hosteli bado wananiita kwa jina la kozi tuliyokuwa tukisoma, na ninaitika, kwa sababu mazungumzo hayo yalianza zamani na hayajaisha. Lakini mteja mpya akiniuliza nimesomea nini, siwezi kuanza naye kwa anwani ile, eti kwa vile "kiufundi nilikuwa huko." Kabla ya kukutana na neno kustaafu kwenye sheria hizi, nilidhani kuna njia mbili tu: kudai bado uko, ama kujifanya hukuwahi kuwa. Kumbe kuna ya katikati, na ni ya heshima. Kuna watu wengi wanaoihitaji: aliyeachana na mume, aliyeacha upadri, aliyestaafu jeshi.

Lakini kuna wanaotaka mtu awe na anwani moja, ya kudumu, inayosomwa na kila mtu. Kitale yenyewe ilijengwa juu ya wazo hilo. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kufikia 1920 ilikuwa ikitumika: kila mwanaume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 atembee na karatasi yenye alama za vidole, kabila lake, na rekodi ya kila mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalihitaji vibarua, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 yalihitaji zaidi. Mwanaume aliyetoka Kimilili kwenda kutafuta kazi huko hakuwa na nafasi ya kusema anatoka wapi. Shingo ilikuwa imeshasema, jibu lilelile kwa polisi, kwa mlowezi, kwa karani. Tena jibu lenyewe alilichagua mwenye kuuliza.

Mainjinia nao walikaribia kutengeneza kipande. Kwenye mpango wa awali wa IPv6, nusu ya mwisho ya anwani ilitokana na namba iliyochongwa kwenye kadi ya mtandao kiwandani. Ukihama kutoka nyumbani hadi mkahawa hadi ofisini, nusu ya mbele inabadilika lakini ya nyuma inabaki ileile, na yeyote anayeangalia anaweza kukufuata nyayo kwa nyayo. Mwaka 2001 zikaletwa anwani za muda, zinazobadilika mara kwa mara. Kisha likaja swali la maadili likiwa limevaa nguo za ufundi: mashine ikiwa na zote mbili, ianze na ipi? Sheria ya saba ya mwaka 2003 ilisema ya kudumu, kwa hofu kwamba baadhi ya programu zingeharibika. Mwaka 2012 wakaigeuza: ianze na ya muda. Hakuna aliyeandamana, lakini kwa mistari michache mtu wa kawaida alipewa haki ambayo babu zetu hawakuwa nayo, ya kujibiwa bila kufuatwa.

Nimeiacha sheria ya nane mwisho, kama wao walivyoiacha. Inasema: kama bado hujapata mshindi, chagua anwani inayofanana zaidi na ya unayeenda kuongea naye, kwa kuhesabu mwanzo wao unalingana hadi wapi. Sisi tunaifanya hii kila siku. Kwenye mahojiano ya kazi Nairobi unasikia lafudhi, unatafuta haraka: Western? Bungoma? Upande wa Chwele? Kila unavyozidi kulingana, kiti kinazidi kuwa laini. Hakuna ubaya kwenye kufurahia kufanana. Ubaya uko kwenye mpangilio. Kwa mashine, kufanana ni sheria ya mwisho, ya kukata mzizi wa fitina wakati mengine yote yamelingana, na hati yenyewe inaruhusu iwekwe kando kama kuna njia bora ya kuchagua. Sisi tumeichukua tukaiweka ya kwanza. Kazi, tenda, kura, hata upangaji wa nyumba: swali la kwanza ni tunalingana hadi herufi ya ngapi. Halafu tunashangaa kwamba mji wa watu wa kila kabila unaishi ukisubiri uchaguzi kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Maana Kitale inajua swali hili likiulizwa vibaya linafika wapi. Kuanzia 2006, vita vya ardhi vya Mlima Elgon vilisukuma watu kuteremka upande wa Bungoma na upande wa Kitale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ukawa kambi ya waliofukuzwa makwao, na nchi nzima Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Barabarani, Bonde la Ufa na kwingine, vijana waliweka magogo wakasimamisha magari. Unatoka wapi? Toa kitambulisho. Na kitambulisho cha wakati huo kilikuwa na kila kitu: mbele wilaya ya kuzaliwa, nyuma wilaya, tarafa, lokesheni, sub-lokesheni.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba si halali kudanganya, hata kama muuaji yuko mlangoni anauliza rafiki yako yuko wapi. Sijawahi kukutana na mtu wa Kitale aliye na umri wa kukumbuka 2008 ambaye angekubali. Lakini si rahisi kusema kwa nini Kant amekosea, kama unaamini uongo ni uongo. Kipimo changu chenyewe kinayumba hapa. Mtu aliyetaja kijiji kisicho chake pale kwenye gogo aliandika anwani ya mwingine. Mimi nimesema hapo ndipo uongo unapoanza.

Nadhani jibu liko kwenye kazi ya anwani. Inatolewa ili neno lirudi. Mzee wa Kanduyi anauliza kwa sababu atajibu, na jibu lake litakuwa chai, ama utani, ama onyo la kutomchumbia binti fulani. Yule wa kwenye gogo hana neno la kurudisha. Ameazima sauti ya swali la mzee, swali la zamani la watu wanaotaka kujuana, na anaitumia kupanga nani ashushwe. Hajauliza kitu. Kwa hivyo hadaiwi jibu la kweli, kwa sababu ahadi ya kujibika haiwezi kudaiwa na mtu ambaye hana nia ya kujibu. Aliyetaja kijiji cha uongo akafika Webuye salama hakumwelekezea asiyeuliza mzigo wowote, na hakuvunja ahadi yoyote. Alikataa tu kuingia kwenye mazungumzo ambayo hayakuwepo.

Hilo linahamisha uzito wa swali. Tumezoea kumpima anayejibu: amesema kweli, amebadilisha, amejificha. Mimi ningeanza kumpima anayeuliza. Mwajiri, mwenye nyumba, karani wa dirishani, mchumba mpya, polisi wa usiku: ukiniuliza natoka wapi, utalifanyia nini jibu langu? Kama ni ili uweze kunijibu vizuri, nitakupa anwani yenye upana unaokufaa, ya leo, na iliyo yangu. Uliza hata ukoo, nitakwambia.

Kama ni la kuhesabu tu tunalingana hadi wapi, jua umeanza na sheria ya nane, na kuna saba ambazo umezirukia.